Mpaka Huanzia Ghalani

*Mhadhara kuhusu sheria za biashara ya chakula inayovuka nchi, uliotolewa Arusha mbele ya wafanyabiashara, wanasheria na wanafunzi. Unachapishwa hapa kwa marekebisho madogo.*

Nawashukuru wale waliofunga maduka yao leo mchana ili waje kumsikiliza mwanasheria, maana mwanasheria kwa kawaida hutafutwa mzigo ukishakamatwa.

Nia yangu leo ni moja. Nataka kuonyesha kwamba anayetaka kuuza chakula nchi ya jirani hukutana na mpaka mapema kuliko anavyodhani. Wengi wetu tukisikia neno mpaka tunaona geti la mpaka wa Kenya pale Namanga, malori yaliyopanga foleni na mawakala wa forodha wenye mafaili kwapani. Mimi nasema geti lile ni mahali pa kusomewa matokeo. Mtihani wenyewe ulifanyika nyuma huko, kwenye turubai la kuanikia, ghalani, kwenye mashine ya kusaga na kwenye karatasi zilizojazwa au zilizosahauliwa.

Ili tusipotee, tumfuate mtu mmoja. Tumwite Mama Sembe. Ni wa kubuni, ingawa naona baadhi yenu mnageuka kutazamana. Ana kinu hapa Arusha, ananunua mahindi Babati na Kiteto, anasaga na kufungasha sembe ya kilo mbili mbili. Unga wake unapendwa. Siku moja mteja wa Nairobi anampigia simu: Mama, naweza kupata tani kumi? Hapo ndipo sheria inapoanza kumuuliza maswali, nami nitayapanga kuwa sita.

Swali la kwanza: chakula hiki ni raia wa wapi?

Umoja wa Forodha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ulianza kazi tarehe 1 Januari 2005. Kwa kanuni yake, bidhaa iliyotokana na nchi mwanachama haitozwi ushuru wa forodha ikiingia nchi mwanachama nyingine. Zingatieni maneno “iliyotokana na”. Haitoshi kwamba bidhaa imetoka Tanzania; lori linaweza kutoka Tanzania likiwa limebeba mchele wa Asia. Sheria inauliza uasili, na uthibitisho wake ni cheti cha uasili wa bidhaa.

Mahindi ya Mama Sembe yamelimwa Kiteto na kusagwa Arusha, kwa hiyo uraia wake hauna utata. Anayepata taabu ni yule anayenunua mchele wa nje, anaumwaga katika magunia mapya na kubandika jina zuri la Kiswahili. Kanuni za uasili zinasema wazi kwamba kufungasha upya, kupanga kwa madaraja au kubandika lebo hakubadilishi uraia wa bidhaa. Hasara yake ni kubwa, kwani mchele wa nje ya Jumuiya hutozwa asilimia 75 katika ushuru wa pamoja wa forodha. Sukari ni asilimia 100.

Nchi zenyewe hugombana juu ya jambo hili. Mwaka 2018 Tanzania na Uganda zilitoza asilimia 25 kwenye pipi, chokoleti na bidhaa nyingine tamu kutoka Kenya, kwa hoja kwamba viwanda vya huko vilitumia sukari ya viwandani iliyoingizwa bila ushuru. Pipi ilitengenezwa Kenya na wafanyakazi wa Kenya, lakini ikasimamishwa kwa sababu ya sukari iliyo ndani yake. Funzo ni kwamba usihesabu tu kile unachouza. Hesabu pia ulichokitia ndani, kilikotoka na msamaha gani wa kodi kilipata njiani.

Kwa wenye mizigo midogo kuna nafuu ambayo wengi hawaijui. Mzigo usiozidi dola 2,000 za Marekani, ukiwa wa bidhaa zilizomo katika orodha iliyokubaliwa, hupewa cheti cha uasili kilichorahisishwa palepale mpakani. Dada zangu mnaopita njia za panya na ndoo za unga kwa kuogopa ushuru, mara nyingi mnaukimbia ushuru ambao haupo.

Lakini msitoke hapa mkasema mwanasheria kasema hakuna kodi. Kilichoondolewa ni ushuru wa forodha. Kodi ya ongezeko la thamani na ushuru wa bidhaa hufuata sheria ya nchi unakouza, na masharti ya usalama yapo palepale. Hayo yanatupeleka kwenye swali la pili.

Swali la pili: ni salama, na nani amesema?

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo chakula kinapotofautiana na bati au misumari. Tarehe 5 Machi 2021 mamlaka ya kilimo na chakula ya Kenya iliandikia forodha barua ya kuzuia mahindi ya Tanzania na Uganda, kwa sababu ya sumukuvu. Malori yalikwama. Siku chache baadaye zuio lililegezwa, yakaja masharti: waagizaji wasajiliwe, mzigo uje na cheti cha uasili, na uje na cheti kinachoonyesha kwamba sumukuvu aina ya aflatoksini haizidi mikrogramu 10 katika kilo moja.

Wakati ule wengi wetu tulisema ni siasa. Siasa ilikuwepo, siwezi kukataa. Hata hivyo tusidharau hofu ya mlaji. Mwaka 2004 sumukuvu iliua watu 125 mashariki mwa Kenya. Mwaka 2016 iliua watu hapa kwetu, Dodoma na Manyara, na Manyara ndiko Mama Sembe anakonunua. Kuvu inayotoa sumu hiyo huota kwenye mahindi yaliyovunwa na unyevu, yakaanikwa chini kwenye udongo na kuwekwa ghalani kabla ya kukauka. Kuyapika hakuondoi sumu hiyo, na afisa wa Namanga hawezi kuiondoa. Cheti cha maabara kinasema yaliyotokea kwenye turubai la mkulima miezi mitatu iliyopita.

Kwa hiyo Mama Sembe afanye nini? Apime unyevu anaponunua, si anaposaga. Atenganishe mizigo na kuipa kila mmoja namba ya toleo, ili toleo moja likikutwa na kasoro asirudishiwe shehena nzima. Atunze sampuli na majibu ya maabara. Na ajue mlango wa kubisha hodi. Tangu Julai 2019 usimamizi wa chakula Tanzania Bara uko kwa shirika la viwango, TBS, baada ya kuondolewa katika iliyokuwa mamlaka ya chakula na dawa, TFDA. Kenya kuna KEBS, Uganda UNBS, Rwanda kuna shirika la viwango na mamlaka ya chakula na dawa iliyo peke yake, na ukishuka bandarini Zanzibar utakutana na taasisi nyingine tena. Sheria ya Jumuiya ya mwaka 2006 kuhusu viwango na upimaji inataka alama ya ubora iliyotolewa na nchi moja kwa kiwango cha pamoja itambuliwe na nyingine. Mwenye alama ya TBS asikubali kupimwa upya kwa mazoea tu, bali aombe aonyeshwe sababu.

Wanafunzi, someni pia historia ya sangara wa Ziwa Victoria. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Umoja wa Ulaya ulimfungia mlango zaidi ya mara moja: kwa vijidudu, kwa hofu ya kipindupindu, kisha kwa taarifa za uvuvi wa sumu. Mlango ulipofunguliwa, aliyeruhusiwa kuuza alikuwa mwenye kiwanda kilichokaguliwa na kupewa namba, chini ya mamlaka ya serikali inayotambuliwa na wanunuzi. Mvuvi mmoja wa sumu aliwafungia wavuvi wa nchi tatu. Katika chakula, kosa la jirani yako huandikwa kwa jina la nchi yako.

Swali la tatu: kifungashio kinasema nini?

Lebo ni ushahidi unaoutia sahihi mwenyewe na kuusambaza madukani. Kiwango cha Afrika Mashariki cha lebo za vyakula vilivyofungashwa kinadai jina halisi la chakula, viambato, uzito halisi, jina na anwani ya mzalishaji, nchi ya asili, namba ya toleo na tarehe. Ukiandika kilo mbili na ndani mna kilo moja na robo tatu, umeandika kosa lako kwa herufi kubwa. Ukiandika kwamba unga wako wa lishe “unatibu kisukari”, umehama kutoka sheria ya chakula ukaingia ya dawa, na huko hutatoka haraka.

(Naona mzee mmoja ananyanyua pakiti yake. Mzee, tutaisoma pamoja tukimaliza.)

Mfuko wenyewe nao una sheria. Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008, Kenya tarehe 28 Agosti 2017, Tanzania tarehe 1 Juni 2019. Vifungashio vya kiwandani vimepewa nafasi, lakini kwa masharti, na masharti hayafanani. Mfuko uliozoeleka sokoni kwako waweza kuwa kosa la jinai kilomita mia mbele. Kabla ya kuchapisha mifuko elfu kumi, peleka mmoja kwa mtu wa nchi unakokwenda auonyeshe kwa mamlaka ya huko.

Mnaotazama mbali zaidi ya Jumuiya, chukueni mfano wa ubuyu. Katika sheria ya Umoja wa Ulaya, chakula ambacho hakikuliwa huko kwa kiasi kikubwa kabla ya tarehe 15 Mei 1997 huitwa chakula kipya na lazima kiombewe kibali. Ubuyu ambao bibi zetu waliutia kwenye uji ukahesabiwa mpya! Kibali kilitoka mwaka 2008, na kilihusu unga wa ubuyu uliokaushwa. Ubuyu wetu mwekundu, wa mbegu zilizotiwa sukari, iliki na rangi, ni swali jingine, na kila rangi ina sheria yake. Kwa hiyo anayesema “ubuyu umeruhusiwa Ulaya” amesema nusu, na nusu aliyoiacha ndiyo iliyomo kwenye kontena lake.

Swali la nne: jina ni la nani?

Alama ya biashara ina mipaka kama shamba. Ukiisajili kwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara, umeilinda Tanzania Bara. Nasema Bara kwa makusudi, kwa sababu Zanzibar ina sheria yake na msajili wake. Mtu anaweza kulala akijua ana jina nchi nzima, kumbe ng’ambo ya bahari, mwendo wa saa mbili kwa boti, hana kitu.

Niliwahi kuletewa shauri la mzalishaji wa viungo aliyempa wakala wa nchi jirani haki ya kumuuzia. Biashara ikanoga miaka miwili. Walipokosana ndipo akagundua kwamba wakala alikwisha kusajili jina na picha ya pakiti kwa jina lake mwenyewe. Mwenye mapishi akawa ndiye mvamizi. Hakukuwa na wizi wa usiku. Fomu ilijazwa mchana, ikatangazwa, na mwenyewe hakutazama. Sajili jina kabla hujampa mtu sampuli, na katika mkataba andika kwamba wakala hatasajili chochote kinachofanana nalo.

Njia za kufanya hivyo zipo. Tanzania na Uganda zimo katika Itifaki ya Banjul ya alama za biashara ya mwaka 1993, chini ya shirika la ARIPO lenye makao Harare. Kenya na Rwanda zimo katika mfumo wa kimataifa wa usajili wa alama, wa Madrid. Kwa kuwa majirani hawamo wote katika kapu moja, mara nyingi anayeanza na nchi moja hufanya vema kuomba moja kwa moja kwa msajili wa nchi hiyo. Serikali nazo zimepigania majina. Kuanzia mwaka 2005 Ethiopia iliomba kusajili Marekani majina ya kahawa zake, Sidamo, Harar na Yirgacheffe, ikavutana na Starbucks hadi makubaliano ya mwaka 2007. Wakulima wale walikuwa na kahawa siku zote. Walichopigania ni neno lililo kwenye pakiti.

Swali la tano: unavuka unga, au unavuka wewe?

Kuuza kwa mteja wa Nairobi ni jambo moja. Kufungua ghala, kuajiri na kusaga huko ni jingine. Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2010, inatambua haki ya raia wa nchi wanachama kuanzisha biashara katika nchi nyingine, lakini haki hiyo hutembea pamoja na ahadi ambazo kila nchi iliziandika na pamoja na sheria za leseni, kodi, uhamiaji na kazi.

Wageni wetu wa Kenya wanajua ninakoelekea. Julai 2025 Tanzania ilitoa amri inayozuia wasio raia kufanya biashara za aina 15, miongoni mwake uuzaji wa jumla na rejareja usio wa maduka makubwa, na ununuzi wa mazao shambani. Kenya ililalamika, na mjadala juu ya uhusiano wa amri hiyo na Itifaki ni mjadala halali wa wanasheria. Lakini mfanyabiashara hawezi kungoja tumalize kubishana. Aliyezoea kuja Kiteto na gari lake na kununua mahindi mlangoni kwa mkulima ajue kwamba sasa anahitaji mnunuzi Mtanzania na mkataba unaoeleweka: ubora gani, unyevu kiasi gani, nani anapima, mzigo ukikataliwa hasara ni ya nani. Mama Sembe naye asijidanganye kwamba sheria za namna hii huandikwa upande mmoja tu wa mpaka.

Katika mkataba wowote wa kuvuka mpaka, andika mambo matatu mapema, wakati bado mnacheka: sheria ya nchi gani itatumika, mgogoro utaamuliwa wapi, na mzigo unakuwa wa mnunuzi kuanzia sehemu gani ya safari. Kwa mgogoro, fikiria usuluhishi. Tanzania, Kenya na Uganda zote zimo katika Mkataba wa New York wa mwaka 1958 kuhusu tuzo za usuluhishi, kwa hiyo tuzo ya msuluhishi iliyotolewa Arusha ina njia inayojulikana ya kutekelezwa Nairobi.

Swali la sita: ukionewa, unakwenda wapi?

Watu wetu wakikwamishwa hufanya moja kati ya mawili: hutoa kitu kidogo, au hurudi nyumbani kulalamika. Sheria ina njia ya tatu. Jumuiya ina utaratibu wa kuripoti vikwazo visivyo vya kiforodha, na mwaka 2017 ilitungwa sheria ya kuviondoa. Ripoti nzuri ina tarehe, kituo, namba ya gari, nyaraka zilizodaiwa na kifungu kilichotajwa. Ripoti ya “wanatusumbua” haiwezi kufanyiwa kazi na mtu yeyote.

Juu ya hapo kuna Mahakama ya Afrika Mashariki, ambayo haiko mbali na ukumbi huu. Mwaka 2017 kampuni ya British American Tobacco tawi la Uganda iliishtaki Uganda kwa kutoza sigara zilizotengenezwa Kenya ushuru wa bidhaa mkubwa kuliko za ndani, na Machi 2019 mahakama ikaipa ushindi. Mimi si mpenzi wa sigara. Lakini kanuni iliyotetewa pale, kwamba bidhaa ya mwanachama isibaguliwe kikodi mbele ya bidhaa ya nyumbani, inamhusu hata mwenye juisi ya ukwaju.

Wanasheria vijana, andikeni hili: Ibara ya 30 ya Mkataba wa Jumuiya inatoa miezi miwili ya kufungua shauri, tangu kitendo kilipofanyika au mlalamikaji alipokijua. Miezi miwili! Mteja anayengoja “wakubwa wayaongee” huamka siku ya sitini na tano akiwa na haki safi isiyo na mlango.

Hitimisho

Ndugu zangu, tumrudie Mama Sembe, maana mteja wake bado yuko kwenye simu. Maswali sita tuliyopitia yanajibiwa kwa vitu vinavyoshikika: risiti ya mkulima, kipimo cha unyevu, namba ya toleo, majibu ya maabara, cheti cha uasili, hati ya alama ya biashara, mkataba. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Kwao daftari lilikuwa la kuhesabu mali. Kwa Mama Sembe ndilo linalovusha mali. Vyote nilivyovitaja hupatikana kabla lori halijawashwa, na kisichopatikana hapo hakiuzwi Namanga.

Lakini nisimwachie mzigo wote yeye. Mwaka 2021 wakuu wa nchi za Jumuiya waliridhia Kiswahili kiwe lugha rasmi ya Jumuiya. Mahindi hununuliwa kwa Kiswahili Kiteto, hupakiwa kwa Kiswahili, na hujadiliwa bei kwa Kiswahili hadi Nairobi. Kiwango kinachoamua kama mahindi hayo ni chakula au ni taka kimeandikwa kwa Kiingereza. Ombi langu kwa mashirika ya viwango, na kwa ninyi wanafunzi wa sheria, ni kazi ya miaka michache ijayo: tuchukue kiwango cha mahindi, cha unga na cha lebo, tuviandike kwa Kiswahili kinachosomeka, kisha tuvipeleke vibandikwe kwenye milango ya maghala. Mkulima wa Kiteto akijua kwamba idadi ya siku za kuanika inaamua kama unga utafika Nairobi, kazi ya afisa wa Namanga itakuwa kugonga muhuri.

Kwa leo niishie hapo. Mzee mwenye pakiti, karibu mbele, tuanze na tarehe ya kuisha muda wa matumizi.